Kupoza kompyuta ya kwanza ya gemu: anza na kasha, prosesa baadaye

Wanaojenga kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza wengi hutenga fungu nono kwa kipoza cha prosesa, kisha huvipanga vifaa vyote ndani ya kasha lenye kioo mbele na feni moja nyuma. Hapo kipoza cha bei ghali hubaki kuvuta hewa ambayo kadi ya michoro imekwisha kuipasha moto. Gemu inapochezwa, kadi ndiyo tanuri; prosesa inafuata kwa mbali. Kwa hiyo pesa ziende kwa mpangilio huu: kwanza kasha linalopumua, pili feni za kasha, tatu kipoza cha prosesa. Mapambo ya taa yasubiri.

Mwongozo huu unamlenga anayejenga Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, mahali ambapo chumba kisicho na kiyoyozi hufika nyuzi 32 za Selsiasi mchana wa Januari. Vipimo vingi vya vipoza unavyovikuta mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takriban nyuzi moja kwenye prosesa na kwenye kadi, kwa sababu hakuna feni wala rejeta (ile ya vipoza vya maji) inayoweza kushusha joto chini ya lile la hewa inayoivuta. Ukiona prosesa ilipimwa ikawa na nyuzi 72 huko ughaibuni, hesabu 80 na kitu kwako.

Aliyeko Nairobi ana nafuu ya baridi, ila ana jambo lake. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15. Feni inasukuma ujazo uleule lakini hewa hiyo inabeba joto pungufu. Usiku wa Julai hutaliona tatizo hilo. Mchana wa Februari unaweza kuliona.

Hesabu wati kabla ya kutaja kipoza

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa na kadi hutoka ukiwa joto. Basi kazi ya kwanza ni kujua wati.

Kwenye prosesa, usiishie kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi. Ryzen 5 7600 inauzwa kama ya wati 65, lakini soketi, yaani tundu la ubao mama inamokaa, inairuhusu kufika 88. Ryzen 5 7600X inaitwa ya 105 na inaruhusiwa 142. Core i5-12400F imeandikwa 65, ila ikijituma inafika 117. Core i9-14900K imeandikwa 125 na kikomo chake cha juu ni 253, na hapo ndipo watu huanza kulia. Hizo ni namba za kazi nzito kama kutengeneza video. Ndani ya gemu prosesa hula umeme pungufu: Ryzen 7 7800X3D, ambayo ni kipenzi cha wachezaji, kwa kawaida hukaa chini ya wati 80 japo imeandikwa 120.

Kadi haina huruma hiyo. Gemu nzito huifikisha kwenye kikomo chake na kuiweka hapo saa nzima. RX 6600 ina wati 132, RTX 4060 ina 115, RTX 3060 ina 170, RTX 4070 ina 200, RX 7800 XT ina 263.

Chukua Ryzen 5 7600 na RX 7800 XT. Ukijumlisha na ubao mama, diski na upotevu wa pawa saplai, unakaribia wati 350 hadi 400 za joto ndani ya kasha moja. Sasa hesabu ya hewa: mita za ujazo 85 kwa saa, ambazo kwenye maboksi ya feni huandikwa CFM 50, zikibeba wati 300 hupanda kwa takriban nyuzi 11. Hewa iliyoingia na nyuzi 32 inatoka na 43. Ongeza hewa mara mbili, upandaji unashuka hadi karibu nyuzi 5 na nusu. Ndiyo maana feni mbili za ziada mbele ya kasha mara nyingi husaidia kuliko kubadilisha kipoza kizuri kwa kizuri zaidi. Kumbuka pia kwamba namba ya CFM kwenye boksi ilipimwa feni ikiwa peke yake. Ukiweka chujio na wavu mbele yake, sehemu kubwa ya namba hiyo inapotea.

Kasha na feni zake

Tafuta kasha ambalo uso wake wa mbele ni wavu. Likiwa na kioo au plastiki nzima mbele na upenyo wa kidole pembeni, liache dukani hata kama linang'aa namna gani. Angalia pia mambo matatu kwenye karatasi ya vipimo: urefu wa juu wa kipoza kinachoingia, urefu wa kadi, na ukubwa wa feni au rejeta zinazokaa mbele na juu. Kipoza cha milimita 160 hakiingii kwenye kasha la 155, na hakuna fundi atakayekisaidia isipokuwa mwenye msumeno.

Mpangilio wa kuanzia ni feni mbili za milimita 120 au 140 mbele zikiingiza hewa, na moja nyuma ikitoa. Huo unatosha kwa kadi hadi wati 200 hivi. Kadi ikizidi hapo, weka ya tatu mbele, na ukipenda moja juu upande wa nyuma ikitoa. Epuka kuweka feni ya kutoa juu upande wa mbele: inaiba hewa baridi kabla haijafika kwa kipoza.

Feni za kuingiza ziwe na nguvu kuliko za kutoa. Hewa ikiwa nyingi ndani, inatoka kupitia nyufa, na vumbi linaingia kupitia chujio peke yake. Ukigeuza mambo, kila tundu la USB na kila ufa unageuka mdomo wa kunyonya vumbi. Kwa nyumba ya kando ya barabara ya vumbi, hili lina uzito kuliko nyuzi mbili au tatu za joto.

Mwelekeo wa feni huwachanganya wengi. Upande ulio wazi ndio unaovuta; upande wenye mihimili inayoshika mota ndio unaotema. Zitazame zote kabla ya kufunga pembeni, maana feni moja iliyogeuzwa huharibu hesabu yote.

Nunua feni za pini nne kama bajeti inaruhusu. Hizo hudhibitiwa kwa ishara maalumu na hushuka kasi vizuri: Arctic P12 PWM, kwa mfano, inazunguka kuanzia 200 hadi 1,800 kwa dakika. Za pini tatu zinafanya kazi, ila lazima ubadilishe tundu lake kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza) liwe la kudhibiti kwa volti, la sivyo zitapiga kelele kwa kasi kamili muda wote. Tundu moja la ubao mama kwa kawaida hubeba ampia 1. Jumlisha ampia zilizoandikwa kwenye migongo ya feni kabla ya kuziunga tatu kwenye waya mmoja.

Kipoza cha prosesa: hewa au maji

Kipoza cha kwenye boksi si takataka. Kinachokuja na Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F kitaichezesha gemu bila kuiunguza prosesa, ila chumba cha nyuzi 32 kitakifanya kipige kelele, na kazi nzito itashusha kasi ya prosesa. Kama pesa zimekwisha, anza nacho na ununue kingine baada ya miezi. Prosesa za Ryzen zenye X na za Intel zenye K kwa kawaida huja bila kipoza, kwa hiyo kiweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hatua inayofuata ni kipoza cha hewa cha umbo la mnara mmoja, chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120. Thermalright Assassin X 120 SE una urefu wa milimita 148, DeepCool AK400 una 155. Vyote vinaimudu prosesa ya wati 90 hadi 120 hata pwani.

Juu yake kuna minara miwili yenye mabomba sita na feni mbili. Thermalright Peerless Assassin 120 SE, wenye milimita 155, ndio uliovuruga soko: Marekani umekuwa ukiuzwa kwa dola 35 hadi 40, na kwa uwezo wa kupoza unakaribia vipoza vya bei mara mbili yake. Ongeza usafiri na kodi, bado ni chaguo letu la kwanza kwa kompyuta nyingi za gemu hapa. Noctua NH-D15 ni mzuri na mtulivu, lakini una milimita 165 na bei yake ingekununulia kasha zuri.

Maji yana mahali pake. Prosesa inayokula zaidi ya wati 200 kwa muda mrefu inataka rejeta ya milimita 360, au kasha dogo lisilopokea mnara linataka ya 240. Nje ya hapo, kwa kompyuta ya kwanza, tunasema nunua hewa. Feni ya mnara ikifa unaingia Kariakoo au Luthuli Avenue, unanunua feni yoyote ya milimita 120, unaifunga kwa waya na gemu inaendelea jioni hiyohiyo. Pampu ikifa, prosesa inapanda hadi kikomo ndani ya dakika chache na kifaa kizima hutupwa. Maji yenyewe pia hupotea polepole kupitia mirija kwa miaka, hata bila kuvuja.

Kama umeamua maji, sehemu ya juu ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Viputo vya hewa hupanda. Vikipanda kwenye pampu utasikia mchemko na pampu itakufa mapema. Mahali pazuri ni juu ya kasha, feni zikitoa nje. Pampu iunganishwe kwenye tundu lake na iendeshwe kwa kasi kamili daima. Usiiweke chini ya ratiba ya kupunguza kasi kama feni.

Kagua soketi na RAM kabla ya kulipa. LGA1700, soketi ya Intel ya mwaka 2021, ina matundu ya skrubu yaliyo umbali wa milimita 78, wakati LGA1200 na ndugu zake zina 75. Kipoza cha zamani bila vishikio vipya hakikai. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, hupokea vipoza vingi vya AM4, isipokuwa vile vinavyotaka bamba lao la nyuma, kwa sababu bamba la AM5 halitoki. RAM yenye mapambo marefu, kuanzia milimita 44 hivi, hugongana na feni ya mbele. Unaweza kuipandisha feni hiyo juu, lakini urefu wa kipoza nao unaongezeka. RAM fupi ya milimita 32 hadi 35 inakuepusha na hayo yote.

Kufunga

Laza ubao mama juu ya boksi lake, weka prosesa na RAM. Pitisha macho mahali utakapoingia waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane kwenye kona ya juu: mnara mkubwa ukishakaa, vidole havifiki. Makasha mengi yanakulazimu kuupitisha waya huo kabla ya kufunga skrubu za ubao.

Ng'oa vishikio vya plastiki vya AMD kwa kufungua skrubu nne. Kwenye AM4, shikilia bamba la nyuma kwa mkono wa chini, vinginevyo litadondoka. Funga vyuma vya kipoza chako kwa kufuata jina la soketi kwenye karatasi. Nguzo za Intel na za AMD hufanana lakini si sawa.

Geuza kipoza utazame chini yake. Kuna filamu ya plastiki imeandikwa iondolewe. Iondoe. Kuisahau ni kosa la kawaida kwa wajenzi wapya.

Kama kipoza tayari kina pesti ya kijivu ya kupitisha joto chini, usiongeze nyingine. Kama hakina, weka tone la ukubwa wa njegere katikati ya prosesa ya AMD. Prosesa za LGA1700 ni ndefu kidogo, kwa hiyo weka alama ya X nyembamba. Shinikizo la kipoza litaisambaza. Ikizidi kidogo na kutoka pembeni, pesti za kawaida kama Arctic MX-6 hazipitishi umeme na hazitaunguza kitu. Ikipungua ndipo kona moja inabaki kavu. Metali ya maji, inayotumiwa na wengine badala ya pesti, iache kabisa kwenye kompyuta ya kwanza. Inapitisha umeme na inaila aluminiamu.

Teremsha kipoza moja kwa moja bila kukitelezesha. Kaza skrubu ya upande mmoja mizunguko miwili, kisha ya upande wa pili miwili, ukibadilishana hadi zigome zenyewe. Zikiwa nne, nenda kwa mshazari. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, kipoza kinalala kimeinama na pesti inasukumwa kando. Feni ya mnara isukume hewa kuelekea nyuma ya kasha, na waya wake uingie kwenye tundu lililoandikwa CPU_FAN. Ukiuweka kwingine, kompyuta nyingi hugoma kuwaka zikilalamika kwamba hazioni feni.

Kupima na kurekebisha

Ingia BIOS kwanza ukae dakika tano. Prosesa ikiwa na nyuzi 40 hadi 55 kwenye chumba cha joto, sawa. Ikikimbilia 90 hapo hapo, zima: filamu haijatolewa, kipoza hakijagusa, au pampu haizunguki.

Kisha ndani ya Windows fungua HWiNFO, programu ya kusoma joto, uendeshe Cinebench, jaribio linaloichosha prosesa, kwa dakika 10, na baadaye gemu nzito kwa nusu saa. Gemu ndiyo kipimo chenye maana. Kwa chumba cha nyuzi 30 hadi 32, prosesa ikicheza kati ya 65 na 80, na kadi kati ya 70 na 80, umefaulu. Cinebench inaweza kuifikisha Ryzen 7600X kwenye nyuzi 95, na hilo limekusudiwa na watengenezaji: inapanda hadi hapo kisha inajipunguza. Intel za kizazi cha 12 hadi 14 huwa na kikomo cha 100, na 7800X3D ina 89.

Namba zikiwa mbaya, ondoa ubao wa pembeni wa kasha na urudie gemu. Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, kasoro ni hewa ya kasha: ongeza feni za mbele au safisha chujio. Lisiposhuka, kasoro iko kati ya prosesa na kipoza, basi fungua utazame alama ya pesti. Jaribio hili halina gharama na huokoa pesa nyingi.

Panga kasi ya feni kwenye BIOS hivi: asilimia 30 hadi nyuzi 50, asilimia 50 kwenye 65, asilimia 70 kwenye 75, na kasi kamili kuanzia 85. Feni za kasha ziifuate kadi ya michoro kama programu ya ubao wako inaruhusu. Zikifuata prosesa peke yake, zitalala wakati kadi inaungua. Feni ikipanda na kushuka kila sekunde, ongeza muda wa kusubiri kabla ya kubadili kasi, sekunde tatu hadi tano.

Kabla ya kununua kitu kingine, punguza joto lenyewe. Weka kikomo cha fremu kwa sekunde sawa na kasi ya skrini yako. Fremu 240 kwenye skrini ya Hz 75 ni joto la bure. Kwa MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme cha kadi hadi asilimia 85: mara nyingi unapoteza fremu chache tu. Kwenye Ryzen, mpangilio wa kubana umeme uitwao Eco Mode, ule wa wati 65, huituliza 7600X bila kuharibu gemu. Na usiingize kompyuta kwenye kabati la meza. Iache sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, na pangaboi liwake: wati 400 kwenye chumba kidogo kilichofungwa hupandisha joto la chumba chenyewe, na hapo hakuna kipoza kitakachokuokoa.

Chujio za mbele zitoe kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi, uzioshe kwa maji na kuzikausha kabisa kabla ya kuzirudisha. Kila miezi mitatu au minne puliza mapezi ya kipoza na ya kadi kwa blowa ndogo, ukiwa umeishika feni kwa kidole isizunguke. Upepo mkali huizungusha kupita kiasi na kuharibu beringi zake. Wanaokaa karibu na bahari wafute vyuma kwa kitambaa kikavu mara kwa mara, kwani chumvi hula aluminiamu. Siku utakapobadilisha pesti kwenye AM4, endesha gemu dakika kumi kwanza ili pesti ilainike, zima na uchomoe umeme, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia taratibu kabla ya kukiinua. Ukikivuta kwa nguvu kikiwa baridi, prosesa huchomoka nacho kutoka kwenye soketi, na pini zake hupinda.